Pistoni nyepesi na balansi ya injini: gramu zipi za kulipia kwanza

Mtu akipanga kufanya ovaholi na akataka injini izunguke kwa kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, ushauri wa kwanza anaopewa ni kutafuta pistoni nyepesi. Wa pili ni kupeleka krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikabalansiwe. Kwa kuwa ushauri huu hutolewa kwa pumzi moja, wengi huuchanganya: huyu ananunua pistoni nyepesi akidhani ameshapata balansi, yule analipia balansi akidhani kila mtetemo utaisha. Pistoni nyepesi hupunguza nguvu inayovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), bolti zake na beringi. Balansi huhakikisha kwamba nguvu inayobaki inafutana yenyewe kwa yenyewe ndani ya injini. Zipo injini unazoweza kuzifanyia jambo moja ukaacha la pili bila madhara, na zipo ambazo ukifanya hivyo beringi zitakwisha kabla hujafika mbali.

Mfano wetu mkuu ni 4A-GE ya Toyota, injini ya silinda nne kwa mstari iliyotoka mwaka 1983 na kuwekwa kwenye magari ya AE86, AE92 na MR2. Ndugu yake, 4A-FE, ndiyo iliyo kwenye Corolla nyingi za barabara zetu, na kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile: mm 81 kwa mm 77. Konrodi ya 4A-GE ina mm 122 kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Vipimo hivi vitatu vinatosha kufanya hesabu zote tunazohitaji.

Gramu inavyogeuka kuwa kilo

Katika kila mzunguko wa krenki pistoni inasimama mara mbili, juu kabisa na chini kabisa, kisha inageuza mwendo. Kinachoilazimisha igeuke ni konrodi. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: ukizidisha mizunguko mara mbili, inaongezeka mara nne.

Kwa vipimo vya 4A-GE kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, pistoni inapogeuka juu kabisa mchapuko wake unafika mita 27,200 hivi kwa sekunde mraba, takribani mara 2,775 ya mvutano wa dunia. Kwa hesabu ya gereji, kila gramu ya pistoni inavuta konrodi kama mzigo wa kilo 2.8. Kwenye 8,000, gramu ileile inavuta kilo 3.6.

Tuseme pistoni, pini yake (kijiti cha chuma kinachoifunga kwenye konrodi), ringi, klipu na sehemu ya juu ya konrodi vina jumla ya gramu 480 kwa silinda moja. Kwenye 7,000 konrodi inavutwa kwa kilo 1,330 hivi. Panda hadi 8,000 bila kubadilisha kitu, unapata 1,740. Sasa weka pistoni na pini nyepesi, jumla ishuke hadi gramu 400. Kwenye 8,000 mvuto ni kilo 1,450, ambao bado unazidi ule wa injini ya awali kwenye 7,000. Ukitaka bolti za konrodi zibebe mzigo uleule zilioubeba mwanzo, kikomo chako kipya ni karibu 7,670. Gramu 80 kwa kila silinda si kazi ndogo kuzipata, na zimekupa mizunguko 670 tu. Kwa hiyo anayelenga 8,000 akanunua pistoni nyepesi na kurudisha bolti za zamani amekosea mpangilio wa matumizi. Bolti mpya za konrodi zenye ubora ndizo za kulipia kabla ya pistoni.

Mvuto huu unakuwa mbaya zaidi mwishoni mwa hatua ya kutoa moshi. Hapo hakuna mgandamizo wala mlipuko unaosukuma pistoni chini kusaidia, kwa hiyo bolti mbili za konrodi hubeba kila kitu peke yake. Ndiyo sababu konrodi nyingi zinazotoboa bloku hukatika dereva akiwa ameshusha gia vibaya au ameachia mafuta injini ikiwa juu, mara chache sana akiwa anavuta mlima.

Tusidanganyane kuhusu nguvu za farasi: pistoni nyepesi peke yake haiongezi. Faida yake ni uhai wa beringi na bolti kwenye mizunguko ya juu, na nafasi ya kutumia kamshafti (shafti inayofungua valvu) inayotoa nguvu huko juu. Injini ya kubeba abiria ambayo haipiti 4,500 haina sababu ya kununuliwa pistoni hizi.

Uzito unatolewa wapi, na unalipwa na nini

Mtengenezaji wa pistoni ana sehemu chache za kupunguza, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni sketi, yaani ule ukuta wa chini unaoegemea silinda. Pistoni za kisasa hukatwa sketi pande zote mbili za pini, zikabaki pande mbili tu zinazobeba mzigo. Sketi ikiwa fupi mno pistoni inayumba ndani ya silinda, hasa injini ikiwa baridi: unasikia mgongano asubuhi, ringi zinakaa mshazari, na baada ya muda injini inaanza kula oili. Kwa gari la mashindano linalofunguliwa kila msimu hilo halina tatizo. Kwa gari la kwenda kazini kila siku, chagua sketi ndefu kidogo na ukubali gramu 15 au 20 za ziada.

Ya pili ni pini, na hapa kuna uzito mwingi ambao watu hawauangalii. Pini ya chuma yenye kipenyo cha mm 20, urefu wa mm 60 na tundu la mm 12 ina karibu gramu 95. Ifupishe hadi mm 51 na upanue tundu hadi mm 13, inashuka hadi gramu 73. Hizo ni gramu 22 bila kugusa pistoni yenyewe, ila pistoni iwe imetengenezwa kupokea pini fupi, vituo vyake (sehemu zinazoshika pini) vikiwa vimesogezwa ndani. Hatari iko kwenye unene wa ukuta. Pini nyembamba hupinda kidogo kila mlipuko unapoipiga, na kupinda huko ndiko kunakopasua vituo vya pini kutoka ndani. Injini yenye turbo isipewe pini nyembamba ya injini isiyo na turbo, hata kama kipenyo kinalingana.

Kisha kuna ringi na kile kipande cha pistoni kati ya ringi na ringi. Seti ya ringi za mm 1.0, 1.2 na 2.8 hupunguza gramu kadhaa kulinganisha na ringi nene za zamani, na pia hupunguza msuguano. Lakini zinahitaji silinda iliyohoniwa vizuri, yaani ukuta wake umesagwa kwa mawe ya kuhoni, iwe duara kweli. Kwenye silinda iliyolika ikawa na umbo la yai, ringi nyembamba haziwezi kuziba.

Mwisho ni unene wa kichwa. Pistoni ikikonda sana hapo, mlipuko wa mapema unaosababishwa na petroli duni au taimingi iliyokimbizwa utavunja ukingo wa ringi ya juu au kutoboa katikati. Hakuna mtu anayepaswa kupeleka pistoni ya kawaida kwa fundi wa mashine akamwambia "ipunguze chini ya kichwa". Chini ya kichwa ndiko joto linakopita na ndiko nguvu inakobebwa.

Kumwagwa au kufuliwa

Pistoni ya kumwaga, yaani ya alumini iliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, ni nafuu, hupanuka kidogo, na huvunjika ghafla ikipigwa na mlipuko wa mapema. Kuna aina ya kumwaga yenye silikoni nyingi, kati ya asilimia 16 na 18, ambayo ni ngumu na haipanuki sana, ila nayo haivumilii kipigo. Pistoni za kufua, yaani zinazogandamizwa kwa nguvu kubwa hadi zipate umbo, hutengenezwa kwa aloi mbili zinazojulikana kwa namba. 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, haipanuki sana, hivyo inakaa karibu na ukuta wa silinda na haipigi kelele asubuhi. 2618 karibu haina silikoni. Inapanuka zaidi ikipata joto, lakini inapopigwa hujikunja kabla ya kupasuka.

Tofauti hiyo hutokea kwenye nafasi kati ya pistoni na silinda. Kwa kipenyo cha mm 81 bila turbo, 4032 mara nyingi huombwa mm 0.06 hadi 0.075, na 2618 mm 0.08 hadi 0.11. Kadi iliyo ndani ya boksi la pistoni ndiyo sheria, na kadi hiyo pia inasema pistoni ipimwe kwa urefu gani kutoka chini ya sketi. Ukipima mahali pengine unapata namba nyingine, kwa sababu sketi si ya mstari ulionyooka. Fundi anayehoni silinda apewe pistoni zenyewe mkononi, kila moja na namba ya silinda yake. Kumwambia tu "weka 0.50 ovasaizi" kumekwaruza pistoni nyingi mpya za 2618 zilizobanwa kwenye nafasi ya pistoni za kiwandani.

Kwa gari la barabarani lisilo na turbo, 4032 ndiyo chaguo letu. 2618 iachiwe turbo, naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu) na mashindano.

Kabla ya kulipia, angalia urefu kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni, na umbo la kichwa. Kila silinda ya 4A-GE ina sentimita za ujazo 397 hivi. Ili upate uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu iwe cc 41.8. Ukilazimika kuchimba mifuko ya valvu kwa cc 2 zaidi kwa sababu kamshafti mpya inafungua sana, mgandamizo unashuka hadi karibu 10.1. Fanya jaribio la plastisini kabla ya kitu chochote kwenda kwenye mzani: bandika kwenye mifuko ya valvu, funga silinda hedi na gaskiti iliyotumika, zungusha kwa mkono mara mbili, fungua, kata plastisini na upime unene. Valvu ya kuingiza isiwe na chini ya mm 1.5, ya kutolea moshi chini ya mm 2. Kuchimba mifuko baada ya pistoni kulinganishwa uzito ni kurudia kazi.

Injini yako inaomba nini kwenye krenki

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapopotosha zaidi.

Kwenye silinda nne za mstari, pini za krenki (shingo zinazoshika konrodi) namba 1 na 4 ziko upande mmoja, 2 na 3 upande wa pili. Krenki yenyewe ina ulinganifu, na pistoni mbili zinapopanda mbili zinashuka. Kwa hiyo nguvu zinazokuja mara moja kwa kila mzunguko, yaani mtetemo wa kwanza, zinafutana bila msaada, mradi pistoni zote nne ziwe na uzito sawa. Ukiweka nne nyepesi zinazolingana, krenki haihitaji kuchimbwa kwa sababu yake. Hubalansiwa peke yake kwenye mashine, bila vizito vya kuigiza pistoni.

Lakini silinda nne za mstari zina mtetemo wa pili unaokuja mara mbili kwa kila mzunguko, kwa sababu pistoni hutembea haraka zaidi kwenye nusu ya juu ya mwendo wake kuliko nusu ya chini. Huo haufutani. Kwa mfano wetu wa gramu 480 kwenye 7,000, unafikia karibu kilo 1,280 juu na chini. Hakuna tundu lolote utakalotoboa kwenye krenki litakaloupunguza. Pistoni za gramu 400 zinaushusha hadi 1,065. Hii ndiyo faida halisi ya wepesi kwenye injini ya silinda nne, na haitajwi mara nyingi. Injini kama 4G63 ya Mitsubishi zina shafti mbili za balansi zinazozunguka mara mbili ya kasi ya krenki kwa ajili ya mtetemo huohuo. Mkanda wake ukifungwa alama zikiwa zimekosewa, shafti zinaongeza mtetemo badala ya kuupunguza, na mwenye gari atarudi kulalamikia pistoni.

V8 ya nyuzi 90, kama 1UZ-FE ya Toyota au Rover V8 ya Land Rover, ni habari nyingine kabisa. Pini moja ya krenki imebeba konrodi mbili, na vizito vya krenki vimepigiwa hesabu ya uzito wa pistoni. Kuibalansi lazima ufunge kwenye kila pini kizito cha kuigiza. Hesabu yake inachukua uzito wote wa kinachozunguka na nusu ya kinachopanda na kushuka. Kwa kuwa konrodi ni mbili, nusu mbili za pistoni zinakuwa pistoni moja nzima. Mfano: sehemu ya chini ya konrodi gramu 430 na beringi 42, mara mbili, ni 944. Pistoni 520, pini 120, ringi 40, klipu 2 na sehemu ya juu ya konrodi 190 ni 872. Ongeza gramu 4 za oili inayobaki. Kizito kinakuwa gramu 1,820. Weka pistoni ya 430 na pini ya 98, kizito kinashuka hadi 1,708. Krenki ile ya zamani sasa imezidiwa na vizito vyake yenyewe kwa kiasi cha gramu 112 kwa kila pini, na lazima ichimbwe. Anayeweka pistoni nyepesi kwenye V8 akaacha krenki kama ilivyo ameitoa injini kwenye balansi iliyokuwa nayo.

Kinyume chake, pistoni nzito zaidi ya za awali, au mwendo mrefu zaidi, hulazimisha kuongeza uzito kwenye krenki kwa kupigilia chuma kizito cha tangisteni ndani ya matundu. Hiyo ni gharama kubwa, na ni sababu nzuri ya kuchagua pistoni nyepesi kwenye V8 tangu mwanzo: kutoa chuma ni rahisi kuliko kuongeza.

Silinda sita za mstari, kama 2JZ ya Toyota, hufutana zenyewe kwa mtetemo wa kwanza na wa pili, kwa hiyo kulinganisha uzito ndiko kunakotakiwa. Subaru zenye silinda nne zilizolala hubaki na mtikisiko mdogo unaosukuma ncha ya mbele ya injini upande mmoja na ya nyuma upande wa pili. V6 hutofautiana kwa asilimia inayotumika kwenye hesabu, na fundi wa balansi asiyeuliza ni V6 gani usimwachie krenki. Pikipiki ya silinda moja nayo imepewa vizito vinavyofuta sehemu tu ya uzito wa pistoni. Ukiweka pistoni nyepesi sana, mtetemo unahama kutoka mwelekeo wa silinda kwenda upande, na mwendeshaji anaweza kuusikia mikononi zaidi ya mwanzo.

Kupima na kulinganisha

Mzani wa gramu 0.1 unaobeba kilo mbili unatosha. Uweke juu ya meza imara, mbali na feni na mlango, uuache uwake kwa muda kabla ya kuanza, na kila kitu kipimwe kikiwa kimeoshwa na kukauka. Tone la oili ndani ya tundu la pini linatosha kuharibu usomaji.

Pima pistoni tupu, kisha pini, kisha seti ya ringi, kila kimoja mara tatu, na uandike. Mara nyingi unaweza kufupisha kazi kwa kuoanisha: pini nzito kwa pistoni nyepesi. Ikiwa pini inazunguka huru na kushikwa na klipu tu, hakikisha baada ya kubadilishana bado inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba ikiwa na oili. Kisichopatana kwa kuoanisha kinapunguzwa hadi uzito wa chepesi kuliko vyote. Lenga tofauti isiyozidi gramu 1 kwa gari la barabarani, nusu gramu kwa mashindano. Tofauti ya gramu 10 kwenye silinda moja ni nguvu ya kilo 21 isiyofutwa kwenye 7,000.

Alumini inatolewa kwenye vibonge vilivyo chini ya vituo vya pini au kwenye ukingo wa ndani wa chini ya sketi. Drili ya mm 10 ikishuka mm 4.7 imetoa gramu moja. Shuka kidogo kidogo, usiache kona kali, na usiguse upande wa ndani wa kichwa wala nyuma ya mifereji ya ringi.

Kwa konrodi, uzito wa jumla hautoshi. Konrodi mbili zenye gramu 560 zinaweza kutofautiana kwa gramu 8 kati ya juu na chini, na sehemu ya chini inazunguka huku ya juu inapanda na kushuka. Tengeneza kishikio kinachoning'iniza tundu moja kwenye beringi ndogo huku tundu la pili likikaa juu ya mzani, konrodi ikiwa imelala sawasawa kama maji. Pima sehemu ya chini, geuza, pima ya juu. Jumla ya hizo mbili ikizidi au kupungua kwa zaidi ya gramu moja kutoka uzito wa konrodi nzima, kishikio hakijanyooka. Usisage chochote bado. Lainisha kwenye vibonge vya kofia ya chini na juu ya tundu dogo, ukipeleka msasa kwa urefu wa konrodi. Mkwaruzo unaokatiza konrodi kwa upana ndipo ufa unapoanzia. Kazi hii ifanyike baada ya bolti mpya kuwekwa na tundu la chini kurudishwa duara, maana vyote viwili vinabadilisha uzito.

Sokoni kwetu kuna tabia ya kununua pistoni moja kuziba iliyovunjika, au seti iliyookotezwa kutoka maboksi tofauti. Nenda dukani na mzani mdogo. Seti ikitofautiana kwa zaidi ya gramu 5 kabla hujaigusa, uwezekano ni mkubwa kwamba haikutoka kwenye kundi moja, na vipenyo navyo vikaguliwe kwa maikromita moja baada ya nyingine.

Kwenye mashine ya balansi

Krenki iende kwenye mashine ikiwa imeshamalizwa kila kitu: imesagwa, imenyooshwa, matundu ya oili yamelainishwa midomo. Weka dayo geji (kipimo cha sindano) kwenye jonali ya katikati, yaani shingo inayokaa kwenye beringi kuu, ncha mbili zikiwa juu ya vitalu vya V. Krenki iliyopinda zaidi ya mm 0.05 irudi ikanyooshwe kwanza, kwa sababu mashine itasoma kupinda kana kwamba ni uzito.

Kama fundi wa tairi anavyopima upande wa ndani na wa nje wa rimu, mashine ya krenki husoma ncha mbili kwa pamoja ikiwa inazunguka. Krenki inaweza kutulia kabisa ikiwekwa juu ya vyuma viwili vya mlalo, na bado ikayumba ncha kwa ncha inapozunguka. Kubalansi kwa kuisimamisha tu hakugundui hilo.

Omba ripoti yenye namba. Ukichukua daraja la usahihi wa balansi la G6.3 kwenye 7,000, krenki ya kilo 13 inaruhusiwa kubaki na gramu-milimita 112 hivi kwa jumla, yaani 56 kila ncha. Kwenye nusu kipenyo cha mm 60 hiyo ni chini kidogo ya gramu moja kila upande. Inafikika bila shida. Kwenye chuma, drili ya mm 12 inatoa gramu 10 kwa kina cha mm 11 hivi.

Mpangilio wa kuongeza vipande ni muhimu. Krenki kwanza, peke yake. Kisha flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) ikiwa imeshasagwa uso, ifungwe na ibalansiwe kwa kutoa uzito kwenye flaiwili yenyewe. Kisha presha pleti ya klachi, kwa namna hiyohiyo, na piga alama ya ngumi kwenye presha pleti na flaiwili ili zirudi mahali pamoja. Siku klachi itakapobadilishwa hutalazimika kufungua injini tena, kwa sababu krenki haikuchimbwa kufidia kosa la klachi. Kwa injini zinazotegemea puli na flaiwili kukamilisha balansi, kama Chevrolet 400 na 454 za Marekani, vipande hivyo ni lazima viwe kwenye krenki tangu mwanzo. Ukivichanganya na vya injini nyingine hesabu yote imeharibika.

Puli ya mbele yenye mpira ina kazi nyingine mbali na balansi hii. Kazi hiyo ni kutuliza krenki isijikunje kama kamba inaposukumwa na kila mlipuko, na balansi haiwezi kuiondoa kazi hiyo. Puli ya alumini isiyo na mpira kwenye injini ya mizunguko ya juu ni njia ya kukatisha krenki iliyobalansiwa kikamilifu.

Mtetemo ambao balansi haitauponya

Gari linalotetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, karibu kamwe halina tatizo la gramu. Ile tofauti ya gramu 10 inayotoa kilo 21 kwenye 7,000 inatoa kama gramu 270 tu kwenye 800. Ukiwa kwenye sailensa na usukani unatikisika, tafuta plagi, koili, nozeli, hewa inayovuja kwenye manifoldi, na mauntini za injini zilizochoka.

Programu ya simu inayopima mtetemo husaidia kutenganisha. Shikilia 3,000 gari likiwa limesimama, simu ikiwa imelazwa juu ya reli ya kiti. Kilele kwenye 50 Hz kinakuja mara moja kwa mzunguko, na hapo tuhumu uzito: pistoni, flaiwili, klachi. Kilele kwenye 100 Hz ni ule wa asili wa silinda nne, na ukiwa mkubwa mno kwa dereva angalia mauntini. Kilele kwenye 25 Hz kinakuja mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo kuna silinda isiyowaka sawa na wenzake.

Wakati wa kufunga

Osha krenki upya baada ya kutobolewa, ukipitisha brashi kwenye kila njia ya oili, kwa sababu chembe moja ya chuma kutoka kwenye drili huharibu beringi zote mpya. Nafasi ya ringi ya juu kwa mm 81 bila turbo iwe karibu mm 0.32, ya pili 0.37 hadi 0.40, ikipimwa kwa fila geji ringi ikiwa imesukumwa ndani kwa pistoni ili ikae sawa. Klipu za pini zikae mdomo ukitazama juu au chini, usitazame pembeni, ili nguvu ileile ya kugeuka kwa pistoni isizibane zikachomoka. Alama ya pistoni ielekee mbele ya injini, konrodi na kofia yake ziwe na namba moja, na bolti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji wa bolti, ukifuata oili au grisi aliyoitaja, kwa sababu kipimo kilekile bila grisi hukaza pungufu.

Andika uzito wa mwisho wa pistoni, pini, ringi, juu na chini ya konrodi, na namba za ripoti ya mashine, ubandike nakala kwenye faili la gari. Pistoni ikiharibika miaka ijayo, fundi atakayeifungua ataagiza moja na kuipunguza hadi gramu iliyoandikwa, bila kutoa nyingine tatu.